Maxwell Wekesa Nyongesa, 1972–2025: Zamu ya Mchezaji wa Pili

Kling! Sarafu imeingia. Ndiyo sauti ambayo mdogo wake Bridget, anayewasomea haya, huisikia kila linapotajwa jina la marehemu: shilingi ikidondoka tumboni mwa mashine ya gemu, kimya kidogo, kisha muziki. Sauti hiyo ilikuwa Mombasa, zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Marehemu aliitafuta tena hapa Sydney na hakuipata, kwa sababu mashine alizokusanya zilikuwa ndogo, za kuwekwa juu ya meza, na tundu la sarafu lilikuwa limechorwa tu kwa rangi. "Zimechorwa mdomo," alikuwa akisema, "lakini hazili."

Maxwell Wekesa Nyongesa alizaliwa tarehe 5 Agosti 1972 huko Kimilili, Bungoma, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Silvano Nyongesa na marehemu Mama Felista Nasimiyu. Mama alikuwa amerudi nyumbani kuvuna mahindi, na kwa hiyo mtoto akaitwa Wekesa, kama waitwavyo wavulana wa mavuno. Mahindi yalipoingia ghalani, mama na mtoto walipanda treni kurudi Mombasa, mtaa wa Changamwe, ambako baba alikuwa karani wa bohari katika bandari ya Kilindini. Bridget alizaliwa miaka mitatu baadaye. Wengine hawakufuata.

Marehemu alianza shule ya msingi Changamwe mwaka 1979. Mwaka 1987 alipelekwa Bungoma kwa masomo ya sekondari, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1990. Walimu waliandika kwamba ni mtulivu na kwamba hasukumani na wenzake kwenye foleni. Foleni alijifunzia kwingine. Jumapili baada ya misa, watoto waliokaa vizuri kanisani walipewa na baba sarafu mojamoja, wakaenda nyuma ya sinema moja mjini, kwenye chumba chenye giza na joto, palipokuwa na mashine ndefu kuliko wao. Walioupenda zaidi ni mchezo wa ndege zinazopigana na nyota. Wachezaji walikuwa wawili kwa mashine moja: wa kwanza anacheza mpaka ndege yake ilipuliwe, kisha mashine inampa wa pili, kisha inarudi kwa wa kwanza, hivyo hivyo mpaka ndege za wote ziishe. Maxwell alikuwa wa kwanza. Bridget alikuwa wa pili.

Jumapili moja Bridget aliitwa nje na mama kufungwa kamba za viatu. Aliporudi, ndege zake zote zilikuwa zimelipuliwa.

"Umeniulia ndege zangu!"

"Sijakugusa. Wewe ndiye hukuwepo."

"Si ungenichezea tu?"

"Zamu ya mtu haichezwi na mtu mwingine," alisema Maxwell, naye alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Bridget alilia mpaka Changamwe. Jumapili iliyofuata kaka yake alimpa sarafu yake, akasimama nyuma na kumtazama akicheza peke yake, mikono mifukoni.

Baada ya kazi ndogondogo za udereva Mombasa, marehemu aliwasili Sydney mwezi Februari 2001 kusomea usafirishaji wa mizigo. Alifanya kazi za usiku na mchana kwenye maghala ya Wetherill Park hadi alipopata leseni ya malori makubwa, na tangu mwaka 2006 alibeba makontena ya Port Botany. Alifurahi kwamba amefika bandarini kama baba yake. Alipompigia mama simu, alimwambia makontena ni yaleyale, kutu ni ileile, ila huku upepo wa bahari unauma masikio.

Katika misa ya Kiswahili ya Bankstown alikutana na Dorothea, muuguzi kutoka Bukoba. Walifunga ndoa tarehe 15 Septemba 2007, na tarehe 21 Oktoba 2008 Mungu akawajalia binti, Shirleen. Waliokuwepo wanakumbuka baba aliyetembea na mtoto mgongoni kwa kanga katikati ya maduka ya Bankstown, na mabibi wa Kilebanoni wakimsimamisha kila hatua kumshika mtoto mashavu. Mwanzoni mwa mwaka 2015 Dorothea alipata kazi nzuri Perth, akaenda na mtoto. Marehemu alikuwa afuate mwakani. Mwakani ikasogea, ikasogea tena. Mwaka 2017 walikubaliana kila mmoja aishi kwake, bila ugomvi, na heshima ikabaki baina yao. Mama Shirleen yuko nasi hapa leo, na familia inamshukuru.

Ni katika mwaka ule wa kwanza wa nyumba tupu ndipo marehemu alipoanza kukusanya. Kwenye soko la mitumba la Jumapili aliona diski kuukuu iliyojaa gemu za zamani, nyingi katika diski moja, na mojawapo ilikuwa ile ya ndege na nyota. Aliinunua. Wiki iliyofuata akanunua nyingine, ya kampuni nyingine, yenye mchezo uleule ndani. Baadaye zikaja mashine zenyewe, ndogo, zenye umbo lilelile la zile za Mombasa, urefu wa shubiri moja au mbili, kioo kidogo, kifimbo, vitufe, na michoro ubavuni. Zilijaza rafu ya sebuleni, kisha dirisha la jikoni, kisha chumba alichokuwa akilala Shirleen.

Rafiki yake Mushagalusa, Mkongo waliyefanya naye kazi bandarini, alimtania mpaka mwisho.

"Max, mon frère, ndugu yangu, hii mchezo umenunua mara ngapi?"

"Huu si uleule. Sikiliza. Ule wa kwanza ndege ikilipuka inasema *puu*. Huu inasema *pau*."

"Na ile ya Mombasa?"

"Ile ilikuwa inatikisa kifua."

"Basi nunua ngoma, utikisike."

Jumamosi moja ya mwaka 2016 aliwaalika jamaa wa misa waje wale na wacheze. Alichoma nyama, akasonga ugali, akazipanga mashine zote mezani na kuziwasha. Watu walikuja kwa wingi na wakala vizuri. Watoto walibonyeza vioo kwa vidole, wakaona havisikii, wakarudi kwenye simu zao. Watu wazima walisimama na sahani zao, wakasema ni nzuri. Mushagalusa peke yake ndiye aliyeketi kujaribu, na kifimbo kikampotelea kiganjani.

"Vidole yangu ni ya kushika usukani ya lori," alisema. "Hiki kifimbo ni ya sisimizi!"

Marehemu alicheka kuliko wote. Wageni walipoondoka alikaa mezani bila kuzizima.

Kuna jambo kuhusu mashine hizi ambalo wengi hawalijui, naye alipenda kulieleza. Mashine ya gemu ikiachwa bila mtu, baada ya muda mfupi huanza kujichezea yenyewe. Ndege inaruka, inapiga, inakwepa, na hakuna mkono kwenye kifimbo. Ilitengenezwa hivyo ili anayepita njiani aone, asimame, atoe sarafu. "Inaita watu," alisema. Alipokwenda kazini aliziacha zikiwaka, sauti zikiwa zimezimwa kwa ajili ya jirani wa chini. Aliporudi asubuhi na kufungua mlango, nyumba nzima ilikuwa ikicheza kimya.

Bridget alimtembelea mwaka 2018, na hapo ndipo alipoona jambo jingine. Kaka yake alikaa mbele ya mashine ya ndege, akabonyeza kitufe cha wachezaji wawili. Alicheza zamu yake vizuri mpaka ndege ikalipuliwa. Kioo kikaandika kwamba ni zamu ya mchezaji wa pili. Marehemu akaondoa mikono, akaiweka magotini. Ndege ya pili ilisimama mahali pamoja, nyota zikashuka, zikailipua. Zamu ikarudi kwake, akashika tena kifimbo.

"Kaka, mbona hiyo ya pili huichezi?"

"Si zamu yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya mtu wa pili."

"Sasa si ungebonyeza mchezaji mmoja, yaishe?"

"Ukibonyeza mmoja," alisema, "hata mtu akiingia hana nafasi."

Bridget alivuta kiti, wakacheza wote wawili mpaka chai ikapoa. Wiki tatu zilipoisha alirudi Mombasa.

Kwa simu, kila Jumapili, marehemu alizungumza na Shirleen. Yeye alisema Kiswahili, binti alijibu Kiingereza, na walielewana kama wanavyoelewana watu walio pande mbili za barabara pana. Kila mara alimalizia kwa kumwambia, "Ukija tutacheza." Oktoba 2019, Shirleen alipokuwa akitimiza miaka kumi na mmoja, marehemu aliamua kumpelekea mwenyewe mashine moja. Kisa cha uwanja wa ndege mmekisikia wengi wenu, maana alikisimulia kila harusi. Afisa wa ukaguzi alifungua begi, akaona nyaya na kioo, akauliza ni nini. Marehemu akasema ni zawadi. Akaambiwa aiwashe. Akaiwasha. Afisa akashika kifimbo ili ahakikishe, akahakikisha mara mbili, akamwita mwenzake naye ahakikishe, na foleni nyuma ikawa ndefu hadi kwenye mlango. "Nilitaka kumwambia anipishe," marehemu alisema, "lakini ilikuwa zamu yake."

Alipofika Perth, nyumba ilikuwa imejaa marafiki wa binti na keki. Shirleen alimkumbatia baba, akashukuru kwa Kiingereza, akaiweka mashine juu ya kabati la nguo. Siku mbili zile hapakuwa na nafasi ya kucheza. Kisa cha uwanja wa ndege alikisimulia sana. Kilichofuata hakukisimulia.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alipatikana na saratani ya kongosho. Alishusha kontena lake la mwisho, akarudisha funguo za lori, akaanza matibabu. Mushagalusa alimpeleka na kumrudisha hospitali kila wiki, na familia haina neno la kutosha kwake. Bridget alifika kutoka Mombasa mwezi Mei 2025. Marehemu alisema mapema kwamba asirudishwe Kimilili, azikwe hapa Rookwood. Jamaa walipomkumbusha makaburi ya baba na mama, alijibu kwamba Perth kwenda Kimilili ni mbali kwa mtoto wa shule. Tarehe 2 Agosti alihamishiwa wodi ya wagonjwa wasio na tiba tena. Mwenyezi Mungu alimchukua Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, alasiri, siku nne baada ya kutimiza miaka hamsini na mitatu.

Marehemu ameacha binti yake mpenzi Shirleen. Dorothea, mama wa mtoto wake. Mdogo wake Bridget na watoto wake. Rafiki wa damu Mushagalusa. Na jamaa wote wa Kimilili, Changamwe na misa ya Bankstown. Tunamwomba Mungu amfungulie mlango, na ndani awepo mtu anayemngoja.

Desturi ni kuishia hapo. Lakini Shirleen ameomba tusome na hili.

Aliwasili kutoka Perth na mama yake tarehe 7 Agosti, siku mbili kabla ya kifo, akaja wodini akiwa na begi mgongoni. Ndani ya begi kulikuwa na ile mashine, na karatasi ya bei ya soko la mitumba ikiwa bado imebandikwa chini yake. Alimwambia baba kwamba uwanja wa ndege wamemkagua na yeye, wakamwambia aiwashe. Baba akauliza kama afisa alicheza. Akasema, kidogo. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama.

Wakaiweka kwenye meza ya kitandani. Marehemu mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe cha wachezaji wawili. Alicheza zamu yake, haikuwa ndefu, mikono ilikuwa imekwisha nguvu. Ndege ikalipuka. Akaondoa mikono, akaiweka juu ya blanketi, kama alivyozoea. Kioo kikaita mchezaji wa pili.

Shirleen aliuliza kwa Kiswahili, "Yangu?"

Baba akaitikia kwa kichwa. Shirleen akashika kifimbo. Hakuwa hodari, akalipuliwa upesi, na zamu ikarudi kwa baba. Mikono ya baba haikuinuka. Shirleen alingoja, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa ameambiwa zamu ya mtu haiguswi, na wote wawili wakaitazama ndege ikisimama peke yake mpaka nyota zikaifikia. Shirleen akacheza tena yake. Ilipofika ya baba, ya mwisho, aliigeuza mashine imwelekee.

"Baba, zamu yako."

Marehemu alimtazama yeye, si kioo. Ilibidi Bridget ainame ili asikie.

"Cheza na yangu," alisema.