Dakika Mbili za Fundi Pindo

Wasikilizaji wapendwa, leo tumekasirika, na hatufichi. Tunamkumbuka fundi cherehani aliyezikwa Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sabini na minne. Tulimwita Fundi Pindo, maana alikupindia suruali ukiwa umeivaa, huku akikisimanga kitambi chako.

Miaka hamsini ya kukanyaga cherehani ilimwachia magoti mabovu. Akawa anatafuna dawa za maumivu kama njugu. Nyeupe asubuhi, nyekundu mchana, na kidonge cha moyo juu yake.

Kwenye dirisha la duka la dawa alikaa mfamasia, mama mmoja wa miwani mizito. Huyo hakumpa mzee yeyote dawa kabla hajamwaga mfuko wake wa vidonge juu ya kaunta. Wote.

“Binti, mbona wanipekua? Nimeiba?” Fundi alimchokoza siku ya kwanza.

“Umejiibia mwenyewe, baba. Nyeupe na nyekundu ni dawa ileile, majina tu tofauti. Ukichanganya na hiki cha moyo, tumbo litavuja damu ndani kwa ndani.”

“Na magoti je? Tubadilishane, unipe yako?”

“Yangu yanalia kama bawaba, utanirudishia kesho!”

Akampigia daktari simu, dawa ikabadilishwa. Miaka mitatu Fundi aliishi salama. Kila mwezi alimwaga mfuko, wakataniana, akaenda zake.

Kisha duka likaweka sanduku la maoni. Watu wakaandika: vikongwe wanachelewesha foleni. Uongozi ukaamuru kila mteja ahudumiwe kwa dakika mbili. Yule mama akakataa. Akahamishiwa stoo, kupanga maboksi.

Dakika mbili, wasikilizaji! Fundi mwenyewe hakuweza kupinda mguu mmoja wa suruali kwa dakika mbili.

Mwezi uliopita, hospitali ilimpa dawa ya bluu ya mgongo. Dukani akaongezewa ya njano ya magoti. Alitaka kuuliza kama zinapatana. Akaanza kumwaga mfuko.

“Mzee, funga hiyo. Wenzako wanasubiri,” akasema muuzaji mpya wa dirishani.

Nyuma yake mtu akasonya. Fundi, ambaye hakuwahi kukosa jibu maishani, siku hiyo aliona haya. Akaokota vidonge vyake kimoja kimoja, akaondoka.

Siku ya tisa ya kumeza zote mbili, haja yake kubwa ilikuwa nyeusi kama lami: tumbo lilikuwa linavuja damu. Hakumwambia mtu, hakutaka kusumbua. Siku ya kumi na moja alianguka kando ya cherehani yake.

Binti yake anasimulia: “Mama wa miwani alikuja msibani, akaomba mfuko wa baba. Akashika ya bluu, akashika ya njano. Akasema, ‘Mwanangu, hizi ni kitu kimoja.’ Akalia kunishinda mimi.”

Wako wanaosema siku zake zilifika. Hapana. Fundi alikufa kwa dawa moja aliyopewa mara mbili, na aliyejua kuitambua alikuwa stoo, hatua kumi kutoka pale.

Binti, wajukuu, poleni sana. Mliomba mfamasia arudishwe dirishani. Mkajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Tutauliza tena kesho, na keshokutwa, mpaka watuchoke.

Na wewe uliyesonya kwenye foleni, pengine unatusikiliza. Ulikuwa na haraka, hukujua. Sasa umejua.