Matanga Yalikaa Kwangu

Ndugu zangu, amani iwe nanyi, mliopata viti na mlioketi mikekani. Leo sifundishi. Vijana wameniomba niseme nilivyofika mtaa huu na nilivyokaribia kupotea humuhumu, nami nimekubali, maana wengi wenu mnaniona nacheka mkadhani nilizaliwa nacheka. Majina sitataja. Wanaohusika wanajijua.

Mimi ni mtu wa juu, kule milimani, Mmakonde, kama chale zangu zinavyowaambia kabla sijafungua kinywa. Nilisomea ualimu wa dini misheni, nikaoa, na haukupita muda padre akaniita. Akasema Lindi kuna mtaa nyuma ya maghala ya bandarini, umejaa vijana walioachishwa kazi kwenye mashamba ya karanga huko bara. Wametoka kila upande, hawana wazee wa kuwaangalia, asiyepata kibarua anashinda kwenye karata na pombe. Waliobatizwa hawajui hata Jumapili ikifika. Nenda ukakae nao, akaniambia. Namna ya kuwafanya wao wakae na mimi hakuniambia.

Tukapata kibanda cha makuti, mimi na mke wangu. Chumba kimoja cha kulala, kimoja cha mafundisho. Nikatundika kipande cha reli mbele ya mlango, Jumapili nikakigonga. Hakuja mtu. Vijana walipita wakienda kupakia mkonge kwenye matishari ya kuupeleka melini, mmoja mmoja akichungulia kuuliza kama kuna kazi. Akisikia ni sala, anaaga kwa adabu anakwenda zake. Hawakuwa watu wabaya, ndugu zangu. Walikuwa wamechoka.

Mke wangu hakuvunjika moyo. Alikuwa akinitania, akisema nihubiri polepole, mkutano wote ni yeye na masikio yake ni mazima.

Mimba yake ilipokua, alirudi juu. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Nikampandisha lori lililokuwa limeleta korosho, nikamkabidhi kwa dereva, mtu mzima ninayemjua. Kisha mvua zikaanza, barabara ikakatika, nikakaa bila habari yoyote. Ilipofunguka, dereva yuleyule alikuja akasimama mlangoni pangu, kofia mkononi, akanipa habari. Mke wangu alifariki akijifungua, na mtoto pamoja naye. Makaburi yao yalikwisha kuota majani.

Kwetu mtu akifiwa hafungi mlango. Watu hujaa uani, wanalala hapo, wanapika hapo. Mimi nilifunga. Ningemwambia nani? Hapa mtaani nilijulikana kama yule Mmakonde wa reli, basi. Na kilio cha kwetu kina maneno yake, na maneno hayo yanataka mtu wa kuitikia. Niliyasema peke yangu chumbani, yakakosa wa kuyapokea, nikayaacha.

Nikaacha kugonga reli. Nawaambia kweli, kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini haigongwi. Sokoni nilinunua muhogo kwa kuonyesha kidole, nisitumie sauti. Jirani yangu, mama wa Kivinje anayeuza vitumbua, nilikuwa namwamkia shikamoo, na marahaba yake inanikuta nimekwisha kupita. Nikipiga magoti kusali, nainuka sijasema neno. Mwisho nikafunga mzigo. Nikasema nirudi juu, padre amtafute mwingine.

Asubuhi ile mzigo uko kitandani, nikasikia hodi. Walikuwa makuli watatu wa bandarini, Waislamu.

"Mwalimu, mwenzetu amefariki," mmoja akasema. "Ni Mngoni, alikuwa anavaa msalaba. Sisi hatujui watu wenu mnawazikaje, na hapa hana ndugu."

Nikawafuata. Kumbe alikuwa amepanga chumba cha pili kutoka kwangu, uchochoro tu katikati. Nilikuwa nasikia mtu akikohoa upande ule, na labda yeye naye alikuwa ananisikia mimi. Homa ilimmaliza hapo.

Tukachimba kaburi pamoja, na vijana wengine wa mtaa wakaja kusaidia. Wale vijana walimbeba, wakasimama kando nilipokuwa nasali, na hakuna aliyeondoka. Nikaanzisha wimbo wa maziko. Sauti iliyokaa bila kutumika muda mrefu ilikatika, na mahali ilipokatika yakatoka maneno ya kilio cha kwetu, kwa Kimakonde, yale niliyoyaacha chumbani. Nilidhani yatapotea tena. Lakini mmoja wa wachimbaji, kijana wa Kimwera, akaitikia. Aliitikia kwa Kimwera, si maneno yaleyale, ila yanakaribiana. Nikasema tena, akaitikia tena. Nilimlilia mke wangu pale, juu ya kaburi la mtu nisiyemjua.

Tulipokuwa tunarudi likazuka swali, matanga yakae wapi. Chumba cha marehemu, mwenye nyumba alikuwa anakitaka. Nikajisikia nikisema, "Yakae kwangu."

Yule mama wa Kivinje alikuja na mikeka yake na sufuria zake. Uani pangu, ambapo hapakuwahi kukaa mtu, pakajaa. Katikati ya mapishi akaniuliza mke wangu atarudi lini kutoka kwao. Nikamweleza. Akaweka upawa chini.

"Ulifiwa, mwanangu, na sisi tupo hapa ukutani? Mbona ulinyamaza?"

Nikamjibu sikujua nimwambie nani. Hakunilaumu. Alitoka nje akawaambia waliokaa kwamba nyumba hii msiba si mmoja. Waliokwisha kusimama waondoke wakaketi tena. Wakamkalia matanga mke wangu, na mtoto ambaye hata jina hakupata, pamoja na yule Mngoni.

Mzigo niliufungua. Jumapili iliyofuata kijana wa Kimwera alikuja, akaleta wenzake wawili waliobatizwa huko kwao. Wengine wakafuata, hawa kwa kuimba, hawa kwa kutaka kujua kusoma, na hicho chumba cha mafundisho ndicho kilichozaa mkutano huu.

Msidhani upweke uliniaga siku ile. Bado huja, hasa mvua ikinyesha nikaiwaza barabara ya juu. Ila sasa ukija nafungua mlango, nakwenda kukaa kwa mtu.

Nawashukuru wale makuli watatu. Namshukuru aliyeniitikia kaburini. Dereva aliyebeba maneno mazito kuniletea, Mungu amlinde njiani. Na wewe mama yangu uliyekaa pale mlangoni, umekuja kunisikiliza ingawa hii si ibada yako, shikamoo.

Fundisho langu ni dogo. Tusingoje mgeni afe ndipo tumjazie ua. Meli ya juzi imeshusha kijana mmoja, amepanga nyumba ya kona karibu na ghala la chumvi. Jana nilimwona kakaa kizingitini peke yake, hana anayezungumza naye. Jina lake silijui. Tukimaliza sala, tusitawanyike. Twendeni sote tukapige hodi.