Mkono Niliousahau Kwenye Picha

Asalaam alaykum, mama zangu na wadogo zangu. Na nyie wenzetu wa kanisani mliokuja na maandazi, karibuni sana, leo tumechanganyika vizuri. Mwenyeji wetu kaniambia niseme kwa dakika kumi. Mimi mtu wa Tanga, dakika kumi kwangu ni salamu tu. Mtanivumilia.

Nitasema jambo ambalo wengi mnalijua na mmelinyamazia kwa heshima. Ile picha iliyozunguka kwenye simu za watu wa Mabela na Sib, hapa hapa Maskati, ya mwanamke mtupu aliyekaa kwenye kigoda, titi moja lipo na jingine halipo, ni mimi. Acheni kuinamisha macho. Mimi nimeshayainamisha ya kutosha.

Kazi yangu mnaijua, nasinga maharusi na kuwachora maua ya piko. Miaka kumi na moja nimesugua migongo ya watoto wa watu kwa liwa na mawaridi, na mwili wa mtu haunishtui. Lakini nilipokatwa titi kwa saratani, wangu mwenyewe nilishindwa kuutazama. Nilikuwa naoga na kanga mwilini. Nikaenda likizo nyumbani Tanga. Mume wangu hakunitukana, wala hakuniacha. Ila kila nikitaka kubadilisha nguo aliniuliza, "Nitoke nje kidogo?" Ndugu zangu, nawaambia, bora angenitukana.

Niliporudi Maskati, mteja wangu mmoja, binti wa Kiomani ambaye wazee wake walitoka Unguja, akaniambia anapiga picha za sanaa za wanawake wa kawaida bila nguo. Nikamcheka. "Mwanangu, una wazimu? Hapa hapa?" Akasema uso hauonekani, na picha zitatundikwa nchi za mbali. Akanieleza habari za waliomtangulia. Mmoja bibi aliyezaa watoto tisa, alitaka tu kabla hajafa aone alivyo kwa nyuma. Mwingine aliungua na mafuta ya sambusa. Wa tatu hakuwa na kovu wala nini, ametimiza miaka arobaini, hajaolewa, akasema hakuna mtu aliyewahi kumtazama.

Hilo la mwisho lilinichoma, nikaenda. Chumba kilikuwa mtaa wa Ghala, juu ya gereji, huko chini wanagonga bodi za magari. Watu wananiuliza, mtu mzima, mke wa mtu, unavuaje? Sikuvua kwa ushujaa. Wala sikutaka kusifiwa uzuri. Nilitaka mtu mmoja anitazame bila kunionea huruma. Yule binti alinitazama kama fundi anavyotazama kazi yake, akasema, "Khaala, mama mdogo, inua bega kidogo." Basi. Nililia mpaka tukapumzika.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Uso tulificha, jina tulificha. Ila asubuhi ile nilikuwa nimejaribia piko kwenye mkono wangu mwenyewe, lile ua langu la asumini linalopanda mpaka kwenye kiwiko. Ua lile nimewachora nusu ya maharusi wa Sib, na halichorwi na mwingine. Na mkono huo ndio niliouweka juu ya kovu. Mtu aliyeiona picha huko ng'ambo akaipiga picha kwa simu, akairusha. Ilipofika hapa, hakuna aliyeuliza ni nani.

Hakuna nililoweza kufanya. Yule binti alilia, akaitoa picha ukutani, lakini kwenye simu za watu nani ataitoa? Ndani ya wiki moja maharusi watatu walinikataa. Kafili wangu, mwenye saluni anayenidhamini kukaa nchi hii, hakunifukuza. Alinipeleka chumba cha nyuma nikafue mataulo, na nilijua siku akichoka na maneno ya watu, khalas, napanda ndege. Nikafua. Nikaswali. Nikafua tena. Mlango ukifunguliwa nadhani ni polisi. Sina kisa cha ujasiri hapo, msingoje.

Wiki ya sita akaja mama mmoja wa Sib, mtu mzima, wa familia kubwa. Nilimsikia kupitia ukutani: "Nnamtaka yule yule."

Mwenye saluni akasema, "Mama, lakini umesikia..."

"Nimesikia na nimeona. Mwanangu hasingwi na mwengine."

Nilipomaliza kumsinga bibi harusi nyumbani kwao, yule mama akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaanza kufungua vifungo. "Mficha uchi hazai," akasema, "na mie kuzaa kushanipita, ndo maana nimeficha vizuri." Akajaribu kucheka. Kisha akanionyesha uvimbe kwenye titi. "Hichi nnacho mwaka wa pili. Mume wangu hajui, watoto hawajui. Nilipoiona picha yako nikasema, huyu hatapiga kelele."

Sikupiga kelele. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari akasema tumechelewa, na baada ya miezi minane tukamzika. Mimi, kwa kuwa alinipitisha mlango wa mbele mchana watu wakiona, nyumba za Sib zote zilinifungulia tena. Alinirudishia kazi yangu. Mimi sikuweza kumrudishia kitu.

Aliusia nimwoshe mimi. Ugonjwa wanawe waliujua, lakini uvimbe uliokuwa umegeuka kidonda hakuwahi kuwaonyesha. Yule bintiye niliyemsinga, ambaye mimi ndiye somo wake, akaomba aingie amwagie mama yake maji. Nilimsitiri marehemu kwa shuka, hata hivyo shuka likilowa halifichi. Akaona. Akaniuliza, "Somo, alikuwa anatuficha sisi? Sisi si wanawe?" Nikapokea kopo mkononi mwake, nikaendelea kumwaga maji. 

Namshukuru binti wa kamera, hata kwa yale machungu. Namshukuru kafili wangu kwa yale mataulo, maana angeweza kunifukuza. Namshukuru marehemu, Mungu amlaze pema. Na nyie mliokuwa mkinipikia uji na kukaa nami bila kuuliza neno.

Siwaambii mkapige picha. Nawaambia kila mmoja amtafute mtu wake, mmoja tu, amwonyeshe mapema. Msingoje kuonwa siku ya kuoshwa. Leo yupo nesi chumba kile, mwanamke mwenzetu, amekuja kutupima matiti. Haya, nani anaanza? Msitazamane.