Tuliigiza Mara Moja Tu

Benchi letu liko kwenye kona, limeegemea ukuta wa nyumba yenye dirisha la bluu. Jana alasiri tulikuwa watatu: Wembe kinyozi, Kipimo fundi cherehani, na mimi mwenye birika. Jioni ilikuwa inaonyeshwa filamu ya Binti Mkunga, mtoto wa mtaa huu, mwigizaji ambaye siku hizi anatengeneza filamu zake mwenyewe na kuwatetea wanawake. Hii inamhusu dada yake, aliyekuwa akipigwa na mumewe. Aliirekodia hapahapa, sisi tukiigiza wanywa kahawa. Wake zetu wamealikwa, wamewekewa viti vya mbele. Tulikuwa na hofu, tusidanganyane.

— Nimeota yule mume kapewa sura yangu, alisema Wembe.

— Sura hiyo kamera gani itaikubali? alimjibu Kipimo.

— Cheka tu. Kina mama wakitoka pale ukumbini, nani ataniletea mtoto nimnyoe?

Kipimo naye alikuwa na yake. Alisikia kwamba filamu itasimamishwa katikati, taa ziwashwe, tuitwe mmojammoja tusimame. Wembe akasema hiyo ndogo: wanawake watakubaliana humohumo ukumbini, na kabla hatujarudi vitasa vya mtaa mzima vitakuwa vimebadilishwa.

— Tutalala hapa benchini, akaongeza Wembe.

— Wote? Hatutoshi.

— Ndiyo maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya nyumbani kwa watu mimi nayaacha humohumo ndani.

— Methali hiyo haisemi hivyo, Wembe.

— Basi wahenga walipitiwa.

Nikajaribu kuwatuliza. Niliwakumbusha kwamba waigizaji wenyewe walirudiarudia, lakini sisi tuliigiza mara moja tu, ikatosha. Siku ile ya kurekodi Binti Mkunga alituambia tukisikia mwanamke analia ndani, tufanye kama siku zote. Kipimo akapuliza kahawa yake. Wembe akauliza jana nani kafunga bao. Binti Mkunga akasema asanteni wajomba, mmefanya vilevile, kisha akaenda kukaa garini peke yake. Wakati ule tuliona tumesifiwa.

Hapo akatoka mwalimu, mpangaji mpya wa nyumba ile ya dirisha la bluu, kavaa vizuri, anaelekea ukumbini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu.

— Samahanini, nimewasikia. Hilo dirisha hata nikilifunga nawasikia neno kwa neno, mpaka Wembe akikohoa. Yule dada wa Binti Mkunga aliishi chumba hiki changu?

— Hichohicho, nikasema. Miaka sita.

— Na ninyi mlikuwa mnakaa hapahapa?

Wembe alitazama dirisha. Kipimo alizungusha kikombe kitupu kiganjani. Nikainua birika nimmiminie mtu, yeyote yule, na halikutoa hata tone. Mwalimu alikuwa bado amesimama anasubiri.