Marehemu Kosiya Mugume, Mwanaume wa Kikundi cha Dawa

Sajini mstaafu Kosiya Mugume alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Karusandara, wilaya ya Kasese. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Yonasani Kiiza na mama Kobusingye, wakulima wa pamba na mahindi, ambao wote wametangulia. Wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyowalelea watoto wake. Yeye alikuwa Mtooro, mkewe ni Mwacholi, na katika nyumba za kambi hapakuwa na lugha nyingine ya kuombea chumvi.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa palepale Karusandara, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Hesabu aliziweza, kuimba hakukuweza kabisa. Mwalimu wa kwaya alimtaka kwa ajili ya urefu wake tu, akamwamuru asimame mstari wa nyuma, afungue mdomo na asitoe sauti. Kosiya alikuwa akisema kuwa hilo ndilo lililokuwa zoezi lake la kwanza la kijeshi. Sekondari alifika kidato cha pili. Baba yake alipovunjika mguu, alirudi nyumbani kushika jembe.

Mwaka 1987 aliingia jeshini. Katika mafunzo alilala kitanda cha juu, na kitanda cha chini alilala kijana wa Masaka aliyeitwa Ssali. Urafiki wao ulianza hapo, nao haukukatika hadi kifo. Kosiya alipangiwa kazi ya ghala, akapanda hadi cheo cha sajini, na mwaka 1992 alihamishiwa Gulu. Karibu na lango la kambi palikuwa na fundi cherehani, binti Gorret Atim. Kosiya alimpelekea suruali iliyofumuka mshono. Wiki iliyofuata akapeleka ileile, na baadaye akaipeleka tena. Gorret aliigeuza, akaona nyuzi zimekatwa kwa wembe.

"Afande," alimwambia, "hii suruali haina shida. Shida iko kwa mwenyewe."

Walifunga ndoa kanisani Gulu, Jumamosi tarehe 20 Aprili 1996, na Ssali akasimama kama msimamizi wa bwana harusi. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 1998 kikosi kililetwa Bwera, na Kosiya alipostaafu mwaka 2008 hakuona sababu ya kuhama. Alipanda kahawa, akajifunza kutengeneza cherehani, na mafundi wengi wa soko la Mpondwe walimfahamu kwa mikono yake iliyonuka mafuta ya mashine.

Sasa familia inafika mahali ambapo wasifu mwingi hupita haraka. Marehemu aliagiza pasipitwe haraka.

Mwaka 2006 Kosiya na Gorret walipimwa siku moja, wakaambiwa jibu moja: wana virusi vya UKIMWI. Gorret alilia. Kosiya alimuuliza daktari maswali kama mtu anayepokea mzigo ghalani: dawa zinamezwa saa ngapi, zikiisha nani analeta. Walianza dawa pamoja na hawakuziacha. Mwaka 2017 mama Edisa Ithungu, jirani yao, alianzisha kikundi cha dawa. Watu wanaokaa karibu walikubaliana kwamba mmoja aende kituo cha afya kwa zamu, awachukulie wenzake wote, kisha wakutane kwa Edisa wagawane na kuulizana hali. Gorret alijiunga kwanza. Kosiya alimsindikiza kwa baiskeli, akachungulia, akaona wanawake peke yao wamekaa mkekani. Akabaki nje, ameshika usukani wa baiskeli, hadi Edisa alipotoka.

"Afande, uko mulinzi wetu ao uko mugonjwa mwenzetu?"

Wanawake walicheka, na Kosiya naye akacheka. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akakaa mkekani. Tangu siku hiyo, kwa sehemu kubwa ya miaka iliyobaki ya maisha yake, alikuwa mwanaume peke yake katika kikundi kile.

Jambo hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe. Wanaume wenye virusi hawakukosekana Bwera, na yeye aliwajua. Wengine walipanda gari alfajiri kwenda kuchukua dawa mbali, Hima au Fort Portal, ili wasionekane. Wengine walimeza wiki moja na kuacha wiki mbili. Mfanyakazi mmoja wa afya alipoleta shauri kwamba Kosiya awe mwenyekiti ili wanaume wavutike, mama Edisa mwenyewe alikubali kumpisha. Kosiya alikataa. Alisema mwanaume anayekuja kwa kuwa ameona suruali kwenye kiti cha mbele hatakaa, na kwamba Edisa ndiye aliyewakusanya. Basi mitaani wakamsema kuwa ni sajini aliyepewa amri na mwanamke. Alilisikia neno hilo, akaenda kumtengenezea cherehani yuleyule aliyelianzisha.

Mwaka 2020 barabara zilipofungwa kwa ajili ya korona, wale wa Hima na Fort Portal walikwama. Hapo ndipo walipoikumbuka nyumba ya Kosiya. Walipita katikati ya kahawa, mmoja mmoja, wakamkuta nyuma ya jiko. Ssali alikuwa miongoni mwao. Baada ya jeshi alikuwa dereva wa lori Hima, na mkewe Ayaa na watoto walikaa hapa Bwera, ambako kufungwa kwa barabara kulimkuta. Miaka yote waliyoshiriki sahani moja, hakuwahi kumwambia Kosiya kuwa anameza dawa.

"Nichukulie na yangu," Ssali alisema. "Lakini kwa kikundi usinipeleke. Mimi siko mutu ya kukaa na wamama."

"Na Ayaa anajua?"

"Ayaa akijua, atabeba watoto arudi kwao Gulu."

Kumbe Ayaa mwenyewe alikuwa mwanachama wa kikundi tangu mwaka 2018. Alikaa mkekani umbali wa mkono kutoka kwake, na siku ya kwanza aliwaomba wenzake wasimtaje popote, maana mumewe akijua atamfukuza. Mume na mke walikuwa wakimeza dawa zilezile chini ya paa moja, kila mmoja akimficha mwenzake, na Kosiya ndiye aliyewaletea wote wawili.

Sheria ya kikundi ilikuwa kutotoa siri ya mtu, na Kosiya hakuivunja. Alimwendea Ssali mara nyingi akimsihi aongee na mkewe. Alimsihi Ayaa pia, naye akamjibu, "Afande, wewe uko rafiki yake. Ukimwambia, umeniua." Alimwomba muuguzi ushauri. Muuguzi naye alifungwa na siri, akasema njia ni kuwaita wapimwe pamoja kama mke na mume. Ayaa aliogopa lakini akakubali. Ssali alisema yeye alishapimwa jeshini, akaondoka kwenda kuangalia mpira. Gorret anasimulia kwamba siku hiyo Kosiya alifungua cherehani moja na kuifunga tena bila kuitengeneza, na chakula hakukigusa.

Barabara zilipofunguliwa, wale wanaume wakapotea, na Ssali akarudi kwenye lori. Mwaka uliofuata tajiri wake aliliuza lori, naye akalazimika kuja nyumbani na mizigo yake yote. Alimkuta Ayaa akipanga nyumba upya. Akaogopa kwamba kopo lake la dawa litaonekana, akalitupa chooni, na kwa Kosiya hakurudi. Agosti 2022 alishikwa na kichwa kisichopoa, akapelekwa hospitali hajitambui vizuri. Daktari alimuuliza Ayaa kama mgonjwa amekuwa akimeza dawa za virusi. Ayaa alisema hajui. Ssali, kitandani, akasema, "Niliacha," kisha akamweleza mkewe kila kitu. Ayaa alifungua kitambaa chake kiunoni, akamwonyesha vidonge vyake mwenyewe.

"Kumbe tungekunywa kwa kikombe moja," Ssali alimwambia.

Alifariki siku chache baadaye. Ayaa ndiye aliyeomba habari hii isomwe hivi ilivyo, naye yuko hapa pamoja na watoto.

Kwenye mazishi ya Ssali ulisomwa wasifu uliosema kwamba aliugua kwa muda mfupi. Kosiya aliinuka, akaenda nyumbani kabla ya chakula.

Tangu hapo aliongea waziwazi. Aliongea kanisani, kwenye ghala la kahawa, kambini kwa vijana ambao hawakumjua, na palipouzwa pombe ya ndizi, ingawa yeye hakunywa. Walimsikiliza kwa heshima wakisema "ndiyo, afande". Mmoja alimuuliza, "Mwanaume akikaa pale na wamama, nani atamuheshimu?" Kosiya alimjibu kuwa Ssali anaheshimiwa sana, kila anayepita kaburini anavua kofia. Desemba 2023 aliandaa mkutano wa wanaume peke yao, nyumbani kwake, Jumamosi mchana. Aliazima viti kanisani, Gorret akapika wali na nyama. Walikuja wawili. Mmoja aliuliza kama mwenyekiti wa kijiji atahudhuria, akasema atarudi, asirudi. Wa pili alibaki. Aliingia kikundini na yumo hadi leo. Gorret alitaka kumfariji mumewe kwa huyo mmoja. Kosiya alimwambia, "Mmoja siyo kikosi," akaanza kurudisha viti.

Presha aliambiwa anayo mwaka huohuo wa 2023. Tarehe 17 Januari 2025 alipata kiharusi akiwa shambani, upande wa kulia ukalegea. Hospitalini ulimi ulikuwa mzito, lakini alimwita binti yake Pretty, akasema neno kwa neno, "Usiandike ati ugonjwa mfupi. Sema ile iko." Ile iko ni hii. Kosiya Mugume aliishi na virusi kwa miaka kumi na minane, na kipimo chake cha Desemba kilionyesha kuwa dawa zimevibana hadi havionekani katika damu. Alikufa kwa kiharusi, nyumbani kwake, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, Gorret akiwa amemshika mkono. Anayenong'ona tofauti, aje aiulize familia.

Marehemu ameacha mjane, Gorret Atim, watoto watatu, Pretty Kobusingye, Nobert Kiiza na Yvette Atim, wajukuu wanne, na mama Edisa Ithungu pamoja na kikundi chake, wanaoomba wahesabiwe kama ndugu.

Ameacha pia wanaume ambao hadi mwezi uliopita alikuwa akiwapelekea dawa majumbani. Baada ya kifo cha Ssali baadhi yao walirudi kwake kimyakimya, naye hakumkatalia hata mmoja, ingawa kila safari aliwagombeza. Gorret hakuambiwa majina yao, wala watoto. Kituo cha afya kina kadi zao lakini hakitatuma mtu kubisha hodi. Zamu ya Machi ilikuwa ya Kosiya, na mama Edisa ataikamilisha kwa ajili yake. Ninyi wanaume hao, kama mko hapa msibani, dawa mlizo nazo zitaisha kabla ya Pasaka. Mama Edisa hawajui ninyi ni nani, kwa hiyo itabidi mwende mumwambie wenyewe.

Bwana ampokee Sajini Kosiya Mugume na ampe mapumziko, maana sisi wanaume wa Bwera, nami ninayesoma nikiwemo, hatukumpa.