Jogoo Chini ya Vanishi

Habari hii ianze na kosa. Ndivyo Jailos seremala mwenyewe anavyotaka isimuliwe. Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne alitengeneza kiti cha mninga kwa mikono yake pale Mlandege, mjini Iringa, akakibandika nyuma ya egemeo picha ya jogoo mwekundu mwenye maandishi ya kigeni, kisha akamwambia Mzee Abrahamu wa kanisa kwamba kimetoka Ulaya kwa meli. Wazee wa kanisa walikuwa wanatafuta kiti cha mchungaji mpya, na viti vya Jailos walivikataa, eti vingelia kama mbuzi katikati ya mahubiri. Jailos aliumia, akadanganya. Picha yenyewe aliipata dukani kwa Himmat, ni zile za kuloweka majini zinazobandikwa kwenye cherehani. Ilitakiwa ikauke siku mbili ndipo ipakwe vanishi. Lakini ilikuwa mwezi wa saba, manyunyu na baridi, na Jailos alikuwa na haraka ya mtu mwenye uongo mkononi. Akaipaka siku ileile.

Ijumaa asubuhi Mzee Abrahamu alitokea kijiweni, kiti kichwani. Kwenye benchi, mbele ya jiko la Shomari muuza kahawa, walikuwapo Filemoni, aitwaye Bama kwa sababu alipigana vita vya Wazungu katika nchi hiyo ya mbali na kila hadithi yake huishia huko, na Liberatus, aitwaye Gazeti, ambaye alisoma gazeti moja likamtosha maisha. Jailos naye alikuwapo. Alipokiona kiti, mkono wake wa kulia uliingia mfukoni mwa koti, ukakaa humo.

— Tazameni hapa kifuani kwa jogoo, alisema Mzee Abrahamu. Jana nimepangusa vumbi ndipo nikaona. Kuna ukungu mweupe, na ndani yake vimistari vimejipinda. Kesho kutwa kiti kinawekwa mbele ya washarika. Nataka kujua nimewaletea nini.

Bama aliinama, akakunja jicho moja.

— Hiyo ramani, mzee. Kule Bama tulipewa za namna hii. Hii milima, na huu mto unaopita katikati. Mzungu akitaka kuficha njia huificha kwenye samani.

— Njia ya kwenda wapi?

— Ningeijua, isingekuwa imefichwa.

— Ramani wapi, alisema Gazeti. Huo muhuri. Gazeti lilieleza wazi, Ulaya kila kiti hupimwa na daktari.

— Daktari wa viti?

— Kule hata ngazi ina daktari wake.

Mzee Abrahamu alimgeukia Jailos.

— Fundi, wewe ndiye uliyeniagizia. Alama hii unaijua?

— Siijui, mzee.

Shomari alikung'uta majivu kwenye koleo.

— Mimi naona ni pumzi, alisema. Melini kulikuwa na joto, jogoo akahema, alipopanda huku kwetu kwenye baridi pumzi ikaganda.

— Jogoo wa karatasi anahema?

— Wa kwetu hahemi. Huyo wa Ulaya.

— Bama, hebu kikalie, alisema Gazeti. Usiudhike, fundi, lakini viti vyako mtu akivikalia vinaomba msamaha. Sikiliza hiki.

Bama alikikalia kwa uzito wake wote. Kiti kimya.

— Umeona? Mzungu ana mkono.

— Usikate tamaa, Jailos, Bama alimfariji. Kazana tu, na wewe utafika.

Jailos alikunywa kahawa kwa mkono wa kushoto, akajimwagia kidevuni. Hakuwahi kusifiwa namna ile maisha yake yote, na hakuweza hata kusema ahsante.

— Ulipokipokea, alama ilikuwapo? aliuliza tena Mzee Abrahamu.

— Sikuiona, mzee.

— Ngoja, alisema Gazeti, akainuka polepole. Vimistari vya mviringo. Jamani, hiyo ni santuri. Mchungaji akihubiri, maneno yote yanaingia humo. Kiti kikirudishwa Ulaya wanakizungusha, wanasikia mpaka tulivyokohoa.

Mzee Abrahamu alivua kofia.

— Kama kinanasa maneno, hakiingii kanisani. Nakipasua kuni leo hii.

Jailos alikitazama kiti. Kilikuwa kiti bora kuliko vyote alivyowahi kuunda.

— Kamwene, mtu aliwasalimu kwa Kihehe nyuma yao.

— Kamwene, dada.

Alikuwa Rozalia mfinyanzi, wa Ilula, anapeleka vyungu sokoni. Alitua mzigo, akaomba kahawa, akakitazama kiti wakati akipuliza kikombe.

— Mbona mnakitolea macho kidole cha mtu?

— Kidole?

— Mimi nikigusa chungu kibichi, kidole changu hukaa humo mpaka siku chungu kinavunjika. Huyo mwenye kidole, picha yake ilivimba hapo kati, akaibonyeza kwa gumba, akaipaka dawa juu kabla maji hayajakauka. Ndiyo huo ukungu. Na huo mnaouita mto ni kovu. Mzungu gani huyo mwenye kovu la gumba?

Bama alimtazama Gazeti. Gazeti alitazama kikombe chake. Shomari aliinua birika ammiminie Jailos, akasita.

— Fundi, tangu lini unakunywa kwa kushoto?

— Jailos, alisema Mzee Abrahamu taratibu. Unamjua mtu huyo?

Ilikuwa mara ya tatu kuulizwa. Jailos alimtazama jogoo. Hakuwika, ni picha tu, ila mdomo alikuwa ameshaufungua.

Akautoa mkono mfukoni, akaweka gumba juu ya alama. Kovu la patasi lilikaa sawasawa juu ya mto wa Bama.

— Ni mimi, mzee. Nimekudanganya wewe, na nimewadanganya washarika. Mninga nimeupasua mwenyewe, gundi nimeichemsha mwenyewe. Cha Ulaya ni huyo jogoo peke yake, naye wa cherehani.

Bama, ambaye alikuwa bado amekikalia, alijitikisa kidogo kusikiliza. Kiti hakikulia.

Mzee Abrahamu alivaa tena kofia yake.

— Sasa unataka nini kwangu, Jailos?

— Usikipasue, mzee. Nitamkwangua jogoo leo, nipake upya, ningoje kikauke. Na Jumapili watu wakikuuliza kimetoka wapi, nakuomba uwaambie kimetoka Mlandege.