Wanamngoja Kocha

KOCHA: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Mwenzako nani? Mimi mama yako.

KOCHA: Ah, mama. Shikamoo. Namba hii siijui.

MAMA: Marahaba. Simu ya mwenye duka. Yangu imegoma kupiga huko nchi za watu. Hujambo lakini?

KOCHA: Sijambo. Nyumbani hawajambo?

MAMA: Wazima wote, tunakukosa wewe tu, na kesho tunakupata. Sasa sikiliza, nina haraka, vocha si yangu. Viti nimeazima kwa jirani. Turubai analeta baba yako mdogo. Kitambaa nimeshona mwenyewe, kirefu toka mlangoni mpaka—

KOCHA: Kitambaa gani?

MAMA: Cha kukupokea. "Karibu nyumbani Kocha wetu." Herufi nyekundu, nimezikata moja moja. Mtu umejitolea mwaka mzima bila mshahara, unafundisha watoto wa watu netiboli, halafu urudi kimyakimya kama aliyefukuzwa? Thubutu.

KOCHA: Mama, hicho kitambaa...

MAMA: Na utahutubia kidogo. Zile picha za jana baba yako mdogo kazionyesha mtaa mzima. Wewe na cheti chako, wasichana wamejipanga nyuma kama askari. Mtu akizikosa labda kipofu. Haloo? Umekatika?

KOCHA: Nipo.

MAMA: Mbona kelele? Nani huyo anaita abiria?

KOCHA: Niko stendi.

MAMA: Stendi? Si ulisema basi la kwenda uwanja wa ndege ni la jioni, na asubuhi hii unawaaga wasichana wako?

KOCHA: Nimewahi tu.

MAMA: Umewahi basi la jioni asubuhi.

KOCHA: Foleni za huku, mama, huwezi—

MAMA: Kuna mwanamume?

KOCHA: Hakuna mwanamume.

MAMA: Unaumwa? Umeiba?

KOCHA: Jamani, mama.

MAMA: Nauliza ili nijue nikae au nisimame. Mwenye duka, nisogezee hilo kreti, mtoto ana jambo. (mtandao unakwaruza) Haya, nimekaa. Sema.

KOCHA: Kuna simu nyingine inaingia. Acha iite.

MAMA: Ya nani?

KOCHA: Nahodha wa timu.

MAMA: Si umpokee, mimi nitapiga baadaye.

KOCHA: Siwezi.

MAMA: Kakukosea nini?

KOCHA: Hajanikosea. Wako uwanjani, wananingoja. Jana niliwaahidi nitapita kuwaaga. Leo nimeamka, nimebeba begi, nimepitia njia ya nyuma mpaka huku.

MAMA: Unawakimbia watoto?

KOCHA: Naona aibu, mama.

MAMA: Aibu ya nini, na cheti juu?

KOCHA: Hicho cheti ndicho kinachoniua. Jana, mechi ya kuniaga, walikuja wakubwa wa mradi na kamera zao. Na mimi nikajitia mjuaji. Nikamvalisha nahodha filimbi yangu shingoni, nikawaambia, leo mnajiongoza wenyewe. Nikaenda kukaa benchi na wageni.

MAMA: Ni vizuri hivyo.

KOCHA: Hawakucheza.

MAMA: Mvua?

KOCHA: Jua kali. Walisimama tu, kila mmoja kwenye nafasi yake, sawasawa na nilivyowafundisha. Nahodha kaweka filimbi mdomoni, hapulizi, ananitazama mimi. Wote wananitazama mimi.

MAMA: Labda haya. Wageni wengi, kamera—

KOCHA: Ngoja nimalize. Nikawapungia mkono, anzeni basi. Mwenye mpira akaniuliza kwa sauti, kocha, nimpe nani? Amesimama na wenzake sita, mama, mwaka mzima wako pamoja, na anauliza ampe nani.

MAMA: Mh.

KOCHA: Wageni wakapiga makofi. Mkubwa mmoja akaniinamia sikioni akasema nidhamu kama hii hajapata kuiona. Nikainuka, nikamvua yule mtoto filimbi, nikapuliza mwenyewe. Wakacheza vizuri mno. Nikapewa cheti, na kwenye picha nikacheka.

MAMA: Sasa mwanangu, watoto kuwa na adabu ni— (mtandao unakatika) —kosa gani hapo?

KOCHA: Hujanielewa. Nilipofika hapa walikuwa wanacheza kila jioni. Hakuna kocha, hakuna mistari. Kumi upande huu, sita upande ule. Kabla ya kuanza wanabishana nani aanze na mpira, wanabishana mpaka kichwa kinakuuma, mmoja ananuna, anabembelezwa, ndipo wanacheza hadi giza. Hata mama wa mkaa wa pale pembeni alikuwa anaacha biashara yake anaingia, mpira wote unakuwa mweusi. Wanacheka hao!

MAMA: Uliniambia. Ulisema ni vurugu tupu.

KOCHA: Nilisema hivyo. Mama wa mkaa nikamtoa, mradi wetu ni wa wasichana tu. Kubishana nikapiga marufuku. Nikaweka sheria, hakuna kugusa mpira kabla ya filimbi.

MAMA: Wakafuata.

KOCHA: Wakafuata. Halafu mwezi uliopita nilipata homa nikalala ndani. Dirisha langu linatazama uwanja. Wakaja wote na mpira wao, wakakaa ukutani. Hakuna aliyecheza. Wakaningoja mpaka giza, wakarudi makwao. Kesho yake hivyohivyo. Na mimi nimejifunika blanketi nawatazama, unajua nilisema nini? Nilisema, ona wanavyonipenda. Nilifurahi, mama. Haloo?

MAMA: Nipo. Nimekipakata hiki kitambaa. Nilikileta dukani wakione.

KOCHA: Nilikuja kuwasaidia. Nimekuta watu wanacheza, naacha watu wamekaa ukutani. Halafu nije huko nihutubie.

MAMA: Na ukishapanda hilo basi, itakuwaje kwao?

KOCHA: Sijui. Watachoka, wataondoka.

MAMA: Ulipougua walichoka?

KOCHA: Hawakuchoka.

MAMA: Basi leo watakungoja. Na kesho watakungoja, wewe uko kwangu umeshiba, unahesabu boriti za dari. Aibu unayo, sawa, uione, ni yako. Lakini usiwaachie wao waibebe. Wao wataona kuna kitu wamekosea mpaka kocha kawakimbia.

KOCHA: Nitawaambia nini? Niwaangalie usoni niseme nimewaharibia?

MAMA: Mimi nitajuaje, netiboli sijacheza. (sauti pembeni) Namalizia, mwenye duka, nimeshasema namalizia.

KOCHA: Inaita tena.

MAMA: Nani?

KOCHA: Yuleyule.

MAMA: Kumbe moyo anao. Mpokee.

KOCHA: Na shughuli ya kesho?

MAMA: Viti nitarudisha. Hotuba hakuna.

KOCHA: Na kitambaa? Umeshakishona chote.

MAMA: Hapo kwenye "Kocha wetu" nitapafumua leo leo. "Karibu nyumbani" inabaki, hiyo haina uhusiano na mpira. Begi umelishika?

KOCHA: Nimelishika.

MAMA: Simama basi. Mwenye duka kanitolea macho, vocha yake imeyeyuka. Haya mwanangu, uende kwa—

KOCHA: Mama? Haloo? Mama?

(Simu inaita)

KOCHA: Haloo.

NAHODHA: Kocha! Shikamoo.

KOCHA: Marahaba.

NAHODHA: Tulidhani simu yako imeharibika. Tumefika wote, hakuna aliyechelewa. Tumeshajipanga.

KOCHA: Mmejipanga.

NAHODHA: Ndiyo. Filimbi unakuja nayo?

KOCHA: Ninayo mfukoni.

NAHODHA: Basi tunakungoja.

KOCHA: Msiningoje. Nakuja, niko mbali kidogo, na nina jambo la kuwaambia. Si zuri, na si kosa lenu. Lakini anzeni.

NAHODHA: Kuanza... bila filimbi?

KOCHA: Bila filimbi.

NAHODHA: Tumekukosea, kocha?

KOCHA: Hapana. Hamjanikosea hata kidogo. Mama wa mkaa yuko hapo?

NAHODHA: Yuko kwenye mkaa wake.

KOCHA: Mwiteni aingie. Mwambieni nimemwomba.

NAHODHA: Upande upi? Tutazidi upande mmoja.

KOCHA: Zidini tu.

NAHODHA: Haya. (sauti nyingi nyuma yake) Kocha, na mpira? Nani aanze nao?

KOCHA: Sijui.

NAHODHA: Wewe ndiye huwa unasema.

KOCHA: Leo sisemi.

NAHODHA: Sasa hawa huku wanasema ni wao, na wale wanasema— nyie, ngojeni kwanza, naongea na kocha! Kocha, wameanza. Niwanyamazishe?

KOCHA: Usiwanyamazishe.

NAHODHA: Sikusikii!

KOCHA: Nimesema bishaneni.